Siku Shemeji Alipopiga Pasi

Kazini walimwita Darubini, na jina hilo hakujipa. Alilipata zamani, alipokuwa akipita nyuma ya kiti cha mwenzake, kikombe cha chai mkononi, anatupa jicho mara moja kwenye skrini na kusema, "Mstari ule pale, umesahau kufunga mabano." Na kweli mabano yalikuwa wazi. Siku hizi jina hilo lilimchoma, maana Darubini alikuwa haoni.

Kipofu hakuwa, hapana. Ukutani aliona saa, akrabu zake hakuziona. Daktari wa macho alimweleza taratibu kwamba uoni wa katikati unafifia, kwamba miwani haitasaidia kitu, na kwamba hali itazidi. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Amesema ni uchovu tu." Uongo mtupu! Mtu mzima na ndevu zake. Lakini woga ukimshika mtu humfundisha ujinga wa kila namna. Yeye alijua kitu kimoja tu cha kufanya duniani, nacho ni kuandika programu, na alikipenda. Mwandishi wa programu asiyeona, aliwaza, si ni mtu anayengoja kuagwa?

Basi akaanza vituko. Akahamia meza ya pembeni, mgongo ukutani, asipate mtu wa kumchungulia. Akakuza maandishi mpaka skrini nzima ikabeba maneno manne, ikawa kama kuangalia chumba kupitia tundu la ufunguo. Mtu akisogea, anafunga kila kitu haraka haraka. Wenzake wakaanza kunong'ona. Mwishowe meneja, mama asiyepoteza maneno, akamsimamia mezani.

"Jumatatu utatukagulia programu mpya ya hospitali," akasema. "Kwenye skrini ya ukutani, mbele ya wote. Siku hizi umejitenga mno."

"Sawa, mama," akaitikia.

Jumamosi alitoka kunyoa nywele akamkuta shemeji yake, mdogo wa mkewe, sebuleni, anapiga pasi. Shemeji huyu naye ni mwandishi wa programu, na ana maradhi yake: udadisi. Kila kitu kipya cha bure lazima akijaribu, na akikipenda hukitupia kwenye kundi la familia, hata kwa shangazi ambaye kompyuta anaijua kwa kuifuta vumbi. Darubini hakuwahi kufungua hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kumtania: "Shemeji, ukipata programu ya kupiga pasi ndiyo uniletee." Maana shemeji na pasi walikuwa paka na panya. Hata harusini kwa dada yake alitokea na gauni lenye makunyanzi.

Lakini siku hiyo pasi ilikuwa inakwenda, na mezani kompyuta yake ilikuwa inaongea. Sauti ya mashine, mbio mbio kama dalali mnadani, ilisoma programu mstari baada ya mstari. Shemeji akasikiliza, akasimamisha pasi, akabonyeza hapa na pale kwenye kibodi, akarekebisha kosa bila hata kutazama skrini, kisha akarudi kwenye shati.

"Nini hicho?" Darubini akauliza.

"Kisoma skrini. Macho yangu yakichoka, natumia masikio." Akacheka. "Kimetengenezwa na wasioona wenyewe, na ni bure. Nilishakituma kwenye kundi, ila wewe vitu vyangu unavidharau."

Habari za visoma skrini alizijua miaka mingi. Alivihesabu kuwa ni vya watu wengine. Akavuta kiti, akainamisha kichwa karibu na ile sauti. "Punguza mwendo," akasema. Sauti ikapungua. Akaisikia programu nzima ikipita, mwanzo wake, mabano yake, mwisho wake, bila kulazimika kukodoa jicho.

"Shemeji, mimi sioni," akasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Shemeji hakushtuka wala hakuhoji. Alizima pasi, akamvalisha hedifoni. "Haya, kaa vizuri. Tuna leo na kesho."

Loo, walihangaika! Mwanzo maneno yalimpita kama magari barabarani. Alitukana mashine, shemeji akamcheka, wakarudia. Kufikia Jumapili jioni alikuwa anasema mwenyewe, "Ongeza mwendo."

Jumatatu akasimama mbele ya wenzake, hedifoni sikioni, vidole kwenye kibodi. Akaongoza ukaguzi kama zamani: hapa pazuri, hapa parudiwe, hapa mgonjwa akiahirisha miadi tutampoteza. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ghafla hedifoni zikaisha chaji, na sauti ya dalali ikalipuka kwenye spika za chumba, ikisoma ujumbe ambao mmoja wao aliuficha ndani ya programu: "Sijui kwa nini hii inafanya kazi. Usiiguse. Darubini akiiona, nimekwisha."

Darubini akavua hedifoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na chake aliona kimefika.

"Ni mashine inanisomea," akasema. "Macho yangu yanakwisha. Niliogopa kuwaambia."

Meneja akashusha pumzi ndefu. "Jamani! Sisi tulidhani umepata kazi kwingine, unajificha na kuifanyia humu humu. Nilikuwa sijui nitampata wapi mwingine kama wewe." Akageukia wengine. "Ongezeni sauti, tusikie wote. Na wewe uliyekwisha, hebu jitokeze."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Darubini naye alicheka mpaka akashika meza, mabega mepesi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jioni alimkuta mkewe chumbani anapanga nguo. Akabaki kasimama mlangoni.

"Mke wangu, nilikudanganya kuhusu macho."

"Najua. Juzi ulilisalimia koti langu pale ukutani, ukaliuliza limeshindaje."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe. Ukakaza shingo." Sauti yake ikatetemeka kidogo. "Niliogopa utaumia peke yako huko ndani."

Darubini akakaa kitandani, akamsogelea mpaka mabega yakagusana. "Nisamehe. Bahati nzuri mdogo wako alikuja Jumamosi na mashine yake."

Mkewe akamwekea shati mapajani. Lilikuwa lile la bluu alilolipenda. Akalipapasa, na mgongoni vidole vikakuta pagumu, pamekauka, pana umbo la pasi.

"Ameliunguza!"

"Sasa ulitegemea nini?" mkewe akasema, akicheka na kujifuta macho. "Mimi nilimwita aje na mashine yake. Tangu lini mdogo wangu anapiga pasi?"