Chagua Picha Zenye Boti

Ijumaa asubuhi Parekura alikuwa mezani kwake mjini Whangārei, simu mkononi, akiitukana. Kaka yake Haimona alikuwa amelala kwenye jeneza lililo wazi huko kisiwani kwao, kwenye baraza la ukoo, watu wakimlilia. Kesho wangefunga kifuniko na kumzika. Parekura alitaka jambo moja tu: kuushika uso wa kaka yake kabla haujafunikwa. Macho yake yalizimika akiwa mtoto, na tangu hapo nyuso zote alizozipenda alizijua kwa vidole.

Ili awahi, alihitaji kiti kwenye boti ya kesho asubuhi, na tiketi zilikatwa kwenye tovuti tu. Tovuti yenyewe ilitengenezwa na Tainui, mtoto wa Haimona, na ukoo mzima uliisifia rangi zake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Parekura alipitisha kidole kwenye kioo, na sauti ya simu ikamsomea: "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe cha nini, mshenzi wee?"

Alibahatisha, akakosea, akarudi. Mwishowe akafika pa kulipia. "Thibitisha kuwa wewe ni binadamu," sauti ikasema. "Chagua picha zote zenye boti. Picha. Picha. Picha."

Mwanamke aliyezaa na kuzika anaambiwa athibitishe kuwa ni binadamu, tena kwa picha! Alikuwa bado anapapasa aliposikia: "Muda wako umekwisha. Kiti kimeachiliwa." Akaanza upya. Kiti kikaachiliwa tena. Akalia kwa hasira, si kwa msiba. Msiba ulikuwa bado haujapata nafasi.

Alipiga simu ofisi ya boti, mashine ikamwambia atembelee tovuti. Akampigia Tainui, simu ilikuwa imezimwa, kama inavyompasa mfiwa anayekaa ubavuni mwa maiti. Jirani yake Glenys aliporudi kutoka kazini jioni na kumchagulia zile picha, boti ya asubuhi ilikuwa imejaa. Kilichobaki ni kiti cha boti ya mchana. Parekura akapiga simu jikoni kwa wafiwa, akaomba wamsubiri.

"Tutajitahidi, shangazi," alisema binti aliyepokea. "Ila padri anaondoka na boti hiyohiyo ikigeuza, na hatuna mwingine."

Jumamosi, boti ilipofunga gati, Parekura alikokotwa mbiombio hadi langoni. Mwanamke mmoja barazani akapaza sauti ya kumkaribisha, kama ilivyo desturi yao, na kuwaita wafu wake waingie naye. Parekura akaitikia. Akapelekwa mpaka kwenye jeneza, akanyoosha mikono yote miwili.

Viganja vikagonga mbao.

"Tulisubiri, dada," mtu akanong'ona. "Ibada imekwisha sasa hivi tu."

Kifuniko kikishafungwa hakifunguliwi. Lakini kwao marehemu husemeshwa kama aliye hai, hata kwa ugomvi, na anayesema naye hakatizwi.

"Haimona!" Parekura akapiga mbao kwa kiganja. "Nimechelewa, na aliyenichelewesha ni mwanao huyu aliyekaa hapa! Kajenga mlango wa kuja kwako, mimi siupiti!"

"Shangazi, jamani." Sauti ya Tainui ilitoka chini, mkekani. "Mambo ya wasioona tuliyaweka awamu ya pili. Takwimu zilionyesha hakuna asiyeona anayekata tiketi kwetu."

"Umeziba mlango, halafu unashangaa mbona hakuna wageni? Kuvipa majina hivyo vitufe vyako ni kazi ya muda gani?"

Tainui akajisogeza mkekani.

"Nimekuuliza mbele ya baba yako!"

"Asubuhi moja, shangazi."

"Asubuhi moja! Haimona, umemsikia?" Parekura akaigeukia sauti ya Tainui. "Nimekuogesha mimi, Tainui. Miiba ya miguu yako nimeitoa kwa vidole hivi hivi. Umekaa na hao wenzako mnapanga nani atakuja na nani hatakuja, hata shangazi yako hukumkumbuka? Awamu ya pili! Mimi ndiye awamu ya pili?"

Padri alikohoa kidogo.

"Njoo hapa," Parekura akamwambia Tainui.

Tainui akainuka. Parekura akautafuta uso wake, akamfumba macho kwa kiganja kimoja, akabana barabara. Kwa mkono wa pili akaushika mkono wake na kuuweka juu ya jeneza.

"Haya. Nionyeshe uso wa baba yako."

Vidole vya kijana vikapapasa upande huu, vikapapasa upande ule, vikafika ukingoni, vikarudi.

"Ni mbao tu, shangazi," akasema, na machozi yakalowesha kiganja kilichomfumba.

Parekura hakukiondoa.

"Endelea kutafuta," akamwambia.