Kaburi la Bibi Mfungamilango

Bi Mwanakheri hakumpenda yule msichana tangu siku ya kwanza, na hakuona haya kusema. Mtu gani anazuru kaburi, badala ya kufungua mikono aombe dua, anafungua simu? Jina lake Sumaiya, na eti anaandika kitabu cha mitaa ya Mji Mkongwe. Haya. Mbona basi haulizi habari za Bibi, anauliza urefu wa mawe? Anaitandaza simu kiganjani, anageuka huku, anageuka kule, anaandika. Na akiondoka harudi alikotokea, anapenya uchochoro wa hoteli ya Shamsi.

Shamsi ndiye jirani. Ana karatasi ya zamani isemayo uwanja huu wa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanakheri ni wake, na anautaka achimbe bwawa wageni waogelee. Kilichomzuia miaka yote ni kaburi. Nani athubutu kumfukua Bibi Mfungamilango? Mji mzima unamjua. Mwaka wa ndui, wasema, alipita nyumba hadi nyumba akiifunga milango kwa mkono wake huku anasoma, na maradhi yakapita mtaa huu bila kupiga hodi. Leo mtaa una kibao cha jina lake, duka la viungo linauza ubani wake, watoto wa skuli wanamwigiza, na waongoza watalii wanamsimulia kutwa kwa lugha nne. Kila Alkhamisi alasiri wanawake huja kumsomea Fatiha, wengine kutoka Mwanakwerekwe huko.

Ukweli aliujua Bi Mwanakheri peke yake. Siku moja wakichambua mchele, mama yake, marehemu Bi Muzdalifa, alimwambia, "Hamna mtu mle. Mawe nilijenga mimi, na Bibi nikamtunga mimi, babu yake Shamsi asitunyang'anye uwanja." Kisha Alkhamisi ikifika, mama huyo huyo anaketi jamvini na wenziwe, analia kuwashinda wote. Bi Mwanakheri alikuwa akimtazama na kusema moyoni, lo, mama yangu fundi wa unafiki. Akalifungia neno lile kifuani hata mama akafa.

Sasa huyu wa simu anachimbua nini? Wasiwasi ulimkosesha raha. Alkhamisi ile wageni walipoondoka, alitandika msala wake uwanjani kando ya kaburi, asali alasiri. Aliposujudu akaona. Msala umeelekea kibla, kaskazini, na kaburi limenyooka sambamba na msala. Yarabi! Maiti wa Kiislamu hulazwa kukingama kibla, mashariki na magharibi, ili uso uelekee Makka. Huyu Bibi wao kainyooshea Makka miguu. Uwanja ni mwembamba, mama alijenga mawe kwa urefu wa nafasi, na watu wamesoma hapo miaka sitini hakuna aliyetanabahi. Ila mwenye dira ya simu.

Wakati wa magharibi Shamsi akaleta salamu: Jumamosi atakuja, ana neno juu ya kaburi. Bi Mwanakheri alicheka kwa uchungu. Mwizi wa kuku hafichi manyoya, alisema, nilijua kitambo katumwa na nani.

Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, akajifunga kanga kibwebwe, akashika jembe. Atang'oa mawe, alifupishe kaburi, aligeuze. Ndani hamna mtu, dhambi iko wapi? Alichimba katikati apate pa kusimamisha jiwe la kichwani, jembe likagota. Akapangusa mchanga kwa mkono. Mawe matatu bapa, yamepangwa kama viunza, zile mbao zinazofunika mwanandani alimolazwa maiti. Yote pamoja urefu hauzidi mkono wake, toka vidole hadi kiwiko. Na yamelala mashariki na magharibi, yamekingama kibla sawasawa.

Hakuyainua. Aliketi pale pale mchangani. Alikumbuka ana miaka saba, mama kalala kitandani wiki nzima, shangazi kamkataza kuingia chumbani, eti homa. Na tumbo la mama, ambalo lilikuwa kubwa, halikuwa kubwa tena. Wiki ya pili mama akaanza kujenga kaburi.

Jumamosi Shamsi alikuja na Sumaiya. Msichana aliamkia shikamoo macho chini, akaitikiwa marahaba kavu. Akaeleza kwamba kaburi halielekei kibla, kwa hiyo ndani hamna Muislamu, huenda hamna mtu kabisa. Bi Mwanakheri hakubishana. Alikunja upande mmoja wa mkeka aliofunikia shimo, akawaonyesha sehemu ya yale mawe. Sumaiya alichutama, akatazama, simu akaitia mkobani.

"Huyu kalazwa sawa," alisema.

Shamsi akavua kofia, akauliza kwa sauti ndogo kama ndiye Bibi. Neno moja tu la naam lingetosha kuuokoa uwanja. "Siye. Bibi hakuwapo kamwe," alisema Bi Mwanakheri. "Huyu ni mdogo wangu, alizaliwa hana roho. Haya, mchimbueni."

Shamsi alirudi nyuma, akatoka bila kuaga. Sumaiya akauliza sasa aandike nini kitabuni. Bi Mwanakheri alikuwa akihesabu Alkhamisi. Miaka sitini ya Alkhamisi, mji mzima ukimsomea Fatiha mtoto asiyepewa hata jina, na mama yake kaketi nao jamvini, analia mbele za watu, na watu wakisema, mwoneni Bi Muzdalifa anavyompenda Bibi.