Kichaka cha Mama Mkwe

Kichaka cha miiba kilicho mlangoni mwetu, mama mkwe alikipanda mwaka aliomzaa mume wangu. Majani yake ni magumu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na mwaka mzima huwa kijani. Alipokwenda kukaa na wifi yangu, aliniachia mimi. Baada ya miezi miwili majani yakaanza kupukutika, mpaka upande mmoja ukabaki vijiti vitupu.

"Shemeji, hizi ni kuni," alisema mdogo wa mume wangu, ambaye siku nyingi alipatamani pale pa kuegesha pikipiki yake. "Jumamosi naja na shoka."

Nikampigia mama mkwe simu. "Kama kimekufa kikatwe," alisema. "Uliye hapo ni wewe. Utakaloniambia ndilo."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikabeba tawi na mtoto mgongoni, nikaenda kwa muuza miche.

"Unamwagilia mara ngapi?"

"Kila siku. Na maji ya kumwogeshea mtoto namwagia hapo hapo, yasipotee."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, umekizamisha kwa mapenzi! Mizizi haipati hewa. Nenda ukwaruze gome kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, mwenyewe bado yumo."

Nilikwaruza vijiti: kahawia. Matawi: kahawia. Karibu kabisa na shina, kijani, tena kibichi! Nilipiga kelele, mtoto akashtuka akalia.

Jumamosi shemeji akaja kweli na shoka lake. Nikamwonyesha.

"Hiyo ni rangi ya kucha zako."

"Kucha zangu nyekundu, shemeji. Rudisha shoka, lete jembe."

"Nakupa mwezi."

"Miwili. Na mfereji utachimba wewe."

Akanung'unika, lakini alichimba. Udongo ulinuka sabuni na uvundo. Tukauondoa uliokuwa juu, tukatia mpya uliochanganywa na kokoto, maji yakapata njia. Nikakata vijiti vilivyokufa. Baada ya hapo kazi ikawa kujizuia: nachomeka kidole ardhini, nikikuta unyevu, narudi ndani na ndoo yangu.

Wiki ya saba zikatoka chembe nyekundunyekundu, ndogo kama punje za mchele. Zikafunguka majani laini, hata miiba yake ilikuwa haijajua kuchoma. Mtoto aliyashika akacheka. Shemeji alipita akayatazama, akaegesha pikipiki nje ya geti.

Mama aliporudi, sikungoja aulize. "Mama, nusura nikiue mimi mwenyewe. Kwa maji."

Alikizunguka polepole, akainama, akagusa tawi moja baada ya jingine. Kisha akapaza sauti kwa jirani yetu fundi cherehani, juu ya ukuta: "Wee fundi! Acha hiyo nguo uje uone! Kichaka kilikuwa kinakufa, mkwe wangu amekirudisha kwa mikono yake!"

Nani aliyekiharibu, hakutaja.

Fundi alikuja, akaja na mteja wake. Mama akaanza upya. Mara ya kwanza nilijitia kumfunga mtoto kanga, macho chini. Alipofika kwa mtu wa tatu, nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikimkumbusha pale aliporuka kipande cha habari.