Baga ya Mikono Miwili

Kiwanda cha nguo ambako Mama alikuwa mpishi kwa miaka kumi na tisa kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mtu achukue kitu cha kumkumbusha kazi. Wengi walichukua viti. Mlinzi akachukua kengele. Mama akachukua bamba la kukaangia, chuma kipana kama mlango, ambalo lilihitaji wanaume sita na matusi mengi mpaka likafika nyumbani. Baba, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa maneno machache yaliyonyooka, alilitazama lilivyoziba nusu ya sebule.

"Mke wangu," akasema, "wenzako wameleta viti."

"Viti havikaangi," Mama akamjibu, akaenda kutafuta kitambaa cha kulifuta.

Mwezi uliofuata alikodi kibanda mkabala na mahakama akaanza kuuza baga. Nyama aliisaga mwenyewe, akaichanganya na kitunguu na pilipili manga, akaipiga bapa kwa kiganja, na kiganja cha Mama si cha mchezo. Mimi, binti yao wa kwanza, nilikuwa keshia. Niliwaona mawakili wakikunja mikono ya majoho kabla ya kuuma. Siku moja hakimu mmoja, mzee mwenye sauti ya ngurumo, alijaribu kula huku ameshika faili. Kipande cha kitunguu kikatua juu ya ushahidi.

"Mama," akasema huku akipangusa karatasi, "hii ni kazi ya mikono miwili."

Basi jina likapatikana. Ndani ya mwaka mmoja Mikono Miwili ilikuwa na foleni mpaka ngazi za mahakama, na kesi za asubuhi zikaanza kuahirishwa saa sita kasoro robo bila sababu inayoeleweka kisheria.

Hapo ndipo alipoingia Mjomba. Huyu ni mdogo wake Mama, alikuwa muuza magodoro, na tulimwita Mjomba Mikakati kwa sababu hata msalani hakuenda bila mkakati. Alikula baga tatu, akafungua kifungo cha suruali, akasema, "Dada, umekalia dhahabu unadhani ni kigoda."

Mama alikuwa na shaka, lakini Mjomba alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki mwavuli. Tawi la pili likafunguliwa mji wa jirani, la tatu mji unaofuata, na ilipotimia miaka sita tulikuwa na matawi kumi na moja jimbo zima. Mwanzoni Mama alilizungukia kila tawi. Mpishi mpya alitengeneza baga mbele yake, naye Mama akaizungushia mikono yake. Vidole vikikutana, baga ni ndogo, mpishi anaanza upya. Kuna kijana wa tawi la nne alirudia mara tisa mpaka akaomba ruhusa ya kwenda kulia.

Siku ya kufungua tawi la tano, Mjomba alileta vazi la baga. Lilishonwa na rafiki zake wa zamani kwa magodoro mawili, na mtu akilivaa alionekana miguu tu na uso mdogo kati ya nyama na saladi. Aliyeajiriwa kulivaa alikaa ndani dakika kumi, akatoka amelowa kama kuku wa mvua, akaondoka bila kuaga. Wageni walikuwa wameshafika. Mjomba alianza kupiga simu huku na huku. Baba akainuka kitini, akavua miwani.

"Nitavaa leo tu," akasema.

Alivaa miaka mitatu. Nadhani ndani ya yale magodoro aligundua kitu ambacho ukaguzi haukuwahi kumpa: watu walifurahi kumwona. Lakini kazi ya mtu haimtoki. Wanafunzi wakipita mlangoni walipiga kelele, "Shikamoo, baga!"

"Marahaba. Chomekea shati."

Mama, kwa upande wake, alizidi kuwa mtu wa mikutano. Mjomba alimpa ofisi yenye kiti cha kuzunguka na zulia lililomeza viatu. Alialikwa kukata utepe na kuzungumza na akina mama wajasiriamali. Jikoni akawa haingii tena. "Wewe ndiye sura ya kampuni, Dada," Mjomba alimwambia. "Sura haikati vitunguu." Akamleta mshauri, bwana mwembamba mwenye rula ya chuma mfukoni mwa shati, na wawili hao wakawa wanajifungia kila mwisho wa mwezi.

Baba ndiye aliyegundua. Alikuwa amesimama na vazi lake ndani ya tawi la kwanza, lile la mahakama, alipomwona yule hakimu mezani. Hakimu alikuwa anakula baga kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alikuwa anatia saini nyaraka. Hakuchafua hata karatasi moja.

Siku iliyofuata Baba aliacha magodoro nyumbani, akavaa suti yake ya ukaguzi, akayazunguka matawi yote kumi na moja kwa siku nane. Jumapili, tukiwa mezani na Mjomba akiwa mgeni wetu kama kawaida, Baba aliweka kijiko chini, akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani.

"Taarifa ya ukaguzi," akasoma. "Nyama: imepungua kwa theluthi moja ikilinganishwa na mwaka wa kwanza. Mkate: umejaa hewa na matumaini. Kitunguu: kipo, lakini hakionekani bila juhudi. Achari: haikuhudhuria."

Nilitaka kucheka, nikamwona Mama, nikaghairi.

"Shemeji, hiyo ndiyo biashara," Mjomba akasema haraka. "Tumepunguza kidogo kidogo. Unene wa kucha tu kila mara. Mteja hawezi kugundua."

"Kwa nini hukuniambia?" Mama akauliza.

"Ungekataa, Dada."

"Kwa hiyo ulijua."

Mjomba aliangalia sahani yake. Ilikuwa tupu, lakini aliendelea kuikwangua kwa uma kwa muda mrefu.

Mama alirudi jikoni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Mshauri alipewa rula yake na siku njema. Lakini nyama sasa ilikuwa inakuja imegandishwa kutoka kwa msambazaji wa mbali, imekatwa na mashine, na mkataba ulikuwa na kurasa arobaini. Ilituchukua miezi minne kurudisha unene wa zamani. Kumbe mtaani mambo yalikuwa yameshaharibika. Watu walikuwa wanatuita Vidole Viwili. Wachekeshaji wa redio waliagiza baga yetu na darubini. Nilipomlalamikia Mama kwamba sasa baga ni kubwa na bado wanacheka, alisema, "Shati likichafuka utampelekea dobi. Jina utampelekea nani?"

Mjomba aliona ni wajibu wake kutuokoa. Usiku na mchana alichora vishale kwenye ubao, kisha akatangaza jimbo zima: ukiingia Mikono Miwili na baga yako isifike mezani ndani ya dakika saba, unakula bure. Saa kubwa ikafungwa kila tawi, ikihesabu tangu mteja anapoweka mguu mlangoni.

Watu walirudi, hilo siwezi kukataa. Walirudi kwa mamia. Lakini kila mmoja alikuja na mkakati kumzidi Mjomba. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani, na nilipomwambia sijui, akasema atasubiri niulize. Mwingine alijifanya hasikii vizuri, nikamwandikia orodha kwenye karatasi, akasema miwani ameisahau. Aliyetumaliza ni mama mmoja mnene mwenye sura ya upole, ambaye alifika kaunta, akafumba macho na kusema hawezi kuagiza chakula kabla hajaomba. Akaombea wakulima. Akaombea wasafiri, wagonjwa, wajane na viongozi mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Nani angethubutu kumkatiza? Foleni nzima nyuma yake iliinamisha vichwa kwa unyenyekevu mkubwa huku jicho moja likiwa kwenye saa. Aliposema amina, ilikuwa dakika ya kumi na mbili. Watu kumi na wanane walikula bure, na wote walimshukuru Mungu.

Baada ya hapo matawi yalianza kufungwa kama maduka wakati wa mvua. La tano likawa saluni, la saba duka la dawa, la tisa kanisa. Yaliyobaki yalijifia moja moja, na kila moja Mama alikwenda mwenyewe kuwaaga wafanyakazi kwa mkono.

La mwisho kufungwa lilikuwa la mahakama, Jumatano mchana. Wateja walikuwa wanne. Mjomba alikuja akiwa amevaa tai, labda alidhani kuna hotuba. Alisimama jikoni akiangalia kuta, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Vijana wa jikoni hawakujua waangalie wapi. Mama alichukua kisu, akamwekea mdogo wake kapu la vitunguu mbele.

"Kata hivi," akamwambia.

"Vya nini, Dada? Tunafunga."

"Wewe kata. Ukivikata hakuna atakayekuuliza."

Mjomba alikata kapu zima. Alilia bila kificho, wapishi wawili wakamsaidia, na hakuna aliyemuuliza mtu kitu.

Sasa Mjomba anauza matangi ya maji, na anauza vizuri. Mama alikaa nyumbani miezi miwili akipanga kabati lilelile. Ndipo akasikia kwamba tawi letu la tatu limekuwa shule ya udereva, akaenda kujiandikisha akiwa na miaka sitini na moja. Alifeli mtihani wa kwanza kwa kuparamia ukingo wa barabara, na wa pili kwa kumwambia mtahini kwamba anaongea sana. Wa tatu alifaulu. Jumamosi iliyofuata alipakia nguo kwenye gari la kuazima, akasema anakwenda kumwona dada yake mkubwa, aliyeishi mwendo wa saa tano na ambaye hakuwa amemtembelea tangu tufungue tawi la pili.

"Utarudi lini?" Baba akauliza dirishani.

"Nikishiba mazungumzo," akasema, akaondoa gari kwa gia isiyofaa.

Alikaa wiki tatu. Mjomba alihamia kwetu ili Baba asiwe mpweke, na wanaume hao wawili walijipikia wenyewe siku zote hizo. Walikula mayai.