Bandi ya Uzi Mweupe

Baridi ya Makambako mwezi wa sita haina adabu. Inakuja na upepo, inapita chini ya mlango bila hodi, na mtu wa zamu ya asubuhi anafika kazini meno yakigongana. Ndiyo maana kiwanda cha mafuta ya parachichi kule Mahongole kilibandika tangazo ukutani kwamba ni marufuku kuvaa sweta ndani ya koti jeupe la kazi, na ndiyo maana karibu kila mwanamke wa zamu ile alivaa sweta ndani ya koti jeupe la kazi.

Oliva alikuwa mmoja wao, na wala hakuona haya. Kila asubuhi msimamizi wao, Ronald, alisimama mlangoni akikagua pete, saa, hereni na mitandio. Wanawake walikunja mikono ya sweta hadi juu ya viwiko, wakapita mbele yake wapole kama watoto wa kipaimara, kisha wakaishusha walipofika ndani. Ronald alijua, usinidanganye. Yeye mwenyewe alikuwa na sweta.

La Oliva lilikuwa la buluu, zito, lenye joto la blanketi. Alifumiwa na mama mkwe wake, Yudita, mjane anayeishi mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Lilikuwa na kasoro moja tu, nayo ilimuudhi kuliko baridi yenyewe. Mikono yake haikushonwa mabegani. Ilipigwa bandi, kwa uzi mwembamba mweupe, mishono mirefu mirefu, kama fundi anavyoshikiza nguo kabla ya kumpimisha mteja. Kila akilifua, bega linaachia.

"Mama anazeeka," alimwambia mumewe, Denis. "Amefuma vizuri hivi, halafu mwishoni amechoka."

"Si umwambie?"

"Nimwambie mama mkwe kwamba hajui kushona? Mwambie wewe, ni mama yako."

Denis alicheka, akaendelea na chai yake.

Basi Jumamosi Oliva akalipeleka kwa Filemoni, fundi cherehani wa pale karibu na soko, akamwagiza apige mabega yote mawili kwa uzi imara, mara mbili, mpaka yashike. Filemoni alipiga bega la kushoto. Kabla hajagusa la kulia, uzi wa buluu ukamwishia.

"Pitia Jumanne, dada. Nitakuwa nimepata uzi."

Oliva aliondoka amenuna. Alimsema fundi yule njia nzima, yeye na ukoo wake wote wa mafundi wasiomaliza kazi. Jumatatu asubuhi akalivaa hivyo hivyo, bega moja chuma, bega moja bandi.

Kazi yake ilikuwa kwenye mfereji wa chuma ambamo parachichi zilizokwisha kumenywa na kupondwa husukumwa kuelekea kwenye tangi. Kinachozisukuma ni skrubu moja ndefu, nene kama paja la mtu mzima, inayozunguka taratibu saa zote. Juu yake kuna wavu wa kinga wenye bolti nne. Waliosafisha Jumamosi walirudisha bolti moja tu.

Saa mbili hivi, kokwa iliyoponyoka kwenye mashine ya kumenya ikakwama pembeni, rojo likaanza kujaa. Oliva alijua cha kufanya. Bonyeza kitufe chekundu, nenda kwenye swichi kubwa ukazime, tundika kufuli lako mwenyewe pale, funguo mfukoni, ndipo ufungue wavu. Alifundishwa, akasaini karatasi. Lakini mambo hayo yote ni dakika kumi, na kokwa ilikuwa pale pale, inaonekana. Akausukuma wavu pembeni. Akaingiza mwiko wa mbao kwa mkono wa kulia.

Ncha ya mkono wa sweta ilikuwa imeteremka hadi kwenye vidole. Skrubu ikaishika.

Haikumvuta kwa nguvu za ghafla. Hilo ndilo lililomtia hofu kuu, hata baadaye alipokuwa akisimulia. Ilimvuta polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayekunja kamba yake jioni baada ya kazi. Alijikaza kwa magoti kwenye ukingo wa mfereji, akavuta kwa uzito wote aliojaliwa, na ile skrubu haikujua hata kama kuna mtu anayevutana nayo. Viganja vya mauti havina kelele, aliwaza, na sauti haikumtoka. Uso wake ulishakaribia rojo.

Ndipo akasikia kitu begani. Tu. Tu, tu. Tu. Nyuzi zilikuwa zinakatika, moja baada ya nyingine. Mkono mzima wa sweta ukaachia begani, ukateleza ndani ya koti, ukapita kiwiko, ukapita kifundo, ukavuka vidole kama soksi inayovuliwa, ukazama. Oliva akaanguka chali sakafuni.

Mwenzake, Conjesta, alikuwa amekwisha kukipiga kitufe chekundu. Kiwanda kikawa kimya. Oliva aliunyanyua mkono wake akautazama. Ulikuwa wa kijani hadi kwenye kifundo, umechubuka kidogo, na unatoa mvuke kwa baridi. Akavikunja vidole. Vilikunjika vyote vitano. Alivikunjua, akavikunja tena, na alishangaa kama mtu anayeonyeshwa vidole kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Ronald alifunga swichi kwa kufuli, akafungua wavu, akautoa ule mkono wa sweta. Ulikuwa umesokotwa mgumu kama kamba ya katani, umekatika mahali patatu. Aliushika muda mrefu, kisha akakaa juu ya kreti la parachichi. Hakufoka. Alianza kufungua vifungo vya koti lake mwenyewe, akavua sweta lake, akaliweka sakafuni. Wanawake walimtazama. Mmoja mmoja nao wakavua.

Jioni Oliva alimweleza Denis yote. Denis alilichukua sweta, akaushika mkono wa kushoto, ule alioushona Filemoni, akampa mkewe kiwiliwili ashike.

"Vuta."

Walivuta. Denis akakanyaga mguu wa meza, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Bega la kushoto halikuachia hata uzi mmoja. Oliva akalitupa sweta, akalia kwa sauti.

Jumamosi iliyofuata alipanda hadi Njombe. Yudita alikuwa jikoni, karibu na moto, sufuria ya maharage ikichemka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene," akaongeza salamu ya kwao. "Mbona uko peke yako?"

Oliva alishindwa kuzunguka. Alilitandika sweta mapajani mwa bibi yule na kumsimulia, bila kuficha habari ya wavu wala ya kufuli. Yudita alipapasa bega la kulia palipobaki vipande vya uzi mweupe. Kisha akapapasa la kushoto, na mkono wake ukasimama.

"Nani ameshona hapa?"

"Ni mimi niliyepeleka kwa fundi, mama. Nilidhani umechoka."

Yudita alisogeza kuni mafigani.

"Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kiwandani," alisema. "Nilikuwa na rafiki, Emerensiana. Baridi ilikuwa hii hii. Nikamfumia sweta. Mabega nikayashona kwa uzi mara mbili, na nilijivunia mshono ule, wee! Mashine ilipoushika mkono wa sweta, mshono wangu haukuachia. Mwenzangu alirudi kwao Ludewa na mkono mmoja. Tangu siku hiyo sijashona bega la mtu anayesimama karibu na mashine."

Oliva alilitazama lile bega la kulia. Miaka yote hiyo! Mwanamke huyu alikuwa amepigana na ile skrubu kabla hata yeye hajazaliwa, akiwa ameketi hapa hapa jikoni, kwa sindano na uzi dhaifu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia usivae, ungevaa la mtumba. Ningekwambia ni bandi, ungejiona umepona, ukaichezea mashine. Niliomba tu usije ukaishona." Akanyanyua macho. "Nawe ukaishona."

"Uzi ulimwishia fundi."

"Uzi ulimwishia," Yudita alirudia polepole.

Akaomba wembe. Akaanza kufumua bega la kushoto, mshono kwa mshono, akisogeza kitambaa karibu na moto ili aone. Filemoni alikuwa ameshona kweli kweli, kazi ilichukua nusu saa. Mkono ulipotoka, akautupa motoni, akamrudishia Oliva sweta lisilo na mikono.

"Hili ndilo utakalovaa. Utasikia baridi mikononi."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Ukisikia baridi, ujue mikono bado unayo."

Kisha akaukamata mkono wa kulia wa mkwewe kwa mikono yake miwili, akaushikilia hadi maharage yakaanza kuungua, na hakuna kati yao aliyeinuka kuyatazama.