Chumvi ya Fadhila

Mimi Shaabani sipendi habari za mashetani. Miaka ishirini natandika nyaya za umeme, na kila kitu kinachouma mtu ukutani nakijua jina lake. Kwa hiyo Fadhila aliponiita nyumbani kwake Gasenyi kuniambia kwamba marehemu Rachid, mume wake na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anamshika bafuni, nilikasirika.

"Shemeji, acha upuuzi!"

"Apana, shemeji. Kila nikifungua robine ya maji, ananishika. Mi siogopi. Naijua mukono yake."

Alisema huku anatabasamu. Rachid alianguka bafuni humo humo mwaka jana, mwezi wa nane. Daktari alisema ni moyo. Tukazika, tukasoma hitima, basi.

Nikachomeka kipimo kwenye soketi. Kipimo hiki kinauliza swali moja tu: umeme ukivuja, una njia nzuri ya kurudi kupitia ardhini, ili swichi kuu ijizime? Kikaandika ohm elfu moja mia tisa. Nikapima tena. Astaghfirullah, njia hakuna! Mtungi wa kuchemshia maji ulikuwa unavuja, na umeme, kwa kukosa pa kwenda, ulikaa kwenye robine.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye chuma cha ardhi nilichopigilia mwenyewe nilipotandika nyaya za nyumba hii. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Chuma kiliingia mita moja tu, maana nilikuta jiwe na nikaona uvivu kuhamia kwingine. Siku ya ukaguzi tulikimwagia ndoo ya maji ya chumvi, ili udongo upitishe umeme. Mafundi wengi tunafanya hivyo! Kipimo kikashuka, mkaguzi akasaini. Rachid ndiye aliyebeba ndoo, anacheka: "Fundi, leo unapika ardhi?" Mvua zikaja zikaiosha chumvi, kisha kikaja kiangazi.

Nikaung'oa ule mtungi. Nikapigilia vyuma viwili virefu mbali na lile jiwe, jua linanichoma, nalia bila haya. Kipimo kikaandika ohm kumi na nne: sasa njia ipo.

"Shika sasa," nikamwambia.

Fadhila akashika robine. Akangoja. Akaongeza mkono wa pili.

"Ameenda," akasema, machozi yakamtoka. "Umemufukuza, shemeji."

Ningeweza kukusanya vyombo vyangu nikarudi kwangu Buyenzi. Wallahi nilitaka. Nilikuwa nimeshafunga mkoba aliposema, bado ameshika robine:

"Siku ile ya mukaguzi, Rachid alikuja jikoni kuniomba chumvi. Nikamupa pakiti muzima. Nilimuuliza ya nini, akasema, 'Muulize fundi.' Sikuwahi kukuuliza."

Nikaketi sakafuni, palepale alipoangukia Rachid, nikamweleza yote: jiwe, uvivu, ndoo, kiangazi, na kwamba si moyo uliomwangusha. Nilipomaliza, aliachia robine, akajifuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja.

"Basi haikuwa mukono yake," akasema. "Ilikuwa yako."