Upande wa Pili wa Ukuta

Siku ambayo mzee alitoa sauti ndefu kwa mara ya kwanza tangu apatwe na kiharusi, binti yake alitamani angenyamaza.

Alikuwa ameketi sakafuni chumbani mwake, mgongo umeegemea kitanda, mlango ameurudishia, macho ameyafumba. Cherehani ilikuwa imepumzika, mapazia ya mteja yamekunjwa juu ya kiti, na baba katika chumba cha pili alikwisha kulishwa, kufutwa mdomo na kugeuzwa ubavu. Huo ndio muda pekee wa mchana ambao haukuwa wa mtu mwingine. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikapanuka, akaiachia taratibu pamoja na ile sauti aliyofundishwa: Aum. Ikaanzia tumboni, ikapanda kifuani, ikaishia midomoni kwa mvumo mwembamba. Aliponyamaza, ukuta ukamjibu.

Haikuwa sauti ya kupendeza. Ilikwaruza kama kabati linaloburutwa juu ya saruji, tena haikuwa na mwisho, ilikatika tu. Lakini ilikuwa ndefu, na ilikuwa ya baba yake. Binti mwingine angekurupuka, angemkimbilia akilia kwa furaha. Yeye alibaki pale pale, mikono juu ya magoti, akihisi jambo aliloona haya kulitaja hata moyoni: kwamba ameibiwa.

Baba yake alikuwa dalali wa minada. Sauti yake iliuza vitanda, magari mabovu na nyumba za watu waliofilisika. Wenzake walisema angeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe na bado akashukuriwa. Arudipo nyumbani hakuipunguza. Mkewe, Mungu amrehemu, aliishi ndani ya sauti hiyo kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga, mpaka akaacha kuisikia. Binti naye, kila alipojaribu kusema jambo mezani, sentensi yake ilizolewa kabla haijafika nusu. Basi akaacha kujaribu. Baba akampachika jina la Bubu, kwa mzaha, mbele ya wageni. Wageni wakacheka, na jina likamganda. Hata sasa, akiwa mwanamke mwenye mvi, wateja waliuliza mtaani, "Kwa Bubu wa mapazia ni wapi?" wakaonyeshwa.

Kisha kiharusi kikamwangusha mzee akiwa juu ya jukwaa la mnada, katikati ya bei. Kikachukua upande wa kulia, kikachukua na maneno yote. Kwa kuwa Bubu alifanyia kazi nyumbani, mzigo ukatua kwake bila mtu kuuliza. Mdogo wake, fundi wa majokofu, aliahidi kwamba chumba cha ziada anachojenga kikishaezekwa atamchukua baba, dada apumue. Bubu aliishikilia ahadi hiyo kama mtu anavyoshikilia kamba ya ndoo kisimani. Mabega yalimuuma akimgeuza mzee, yalimuuma akishona, yalimuuma akiwa amelala. Uchovu wenyewe haukuwa tena kitu kinachokuja na kuondoka; ulikuwa umehamia, umepanga vyombo vyake.

Jirani mmoja aliyemwonea huruma alijitolea kukaa na mzee kila Jumatano alasiri, akamsukuma Bubu aende kwenye kikundi cha kutafakari kilichokutana juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikwenda kwa sababu tu aliambiwa kule watu hukaa chini.

Aliyewafundisha alikuwa mkunga mstaafu mwenye magoti mabovu, ambaye yeye mwenyewe aliketi kwenye kiti. Aliwaeleza kwamba Aum ni sauti ya kale sana, ambayo waliokuwa wakiitamka tangu zamani waliiona takatifu, mzizi wa sauti nyingine zote. Kinywa kinafunguka kabisa, kisha kinakunjwa, kisha kinafungwa. Hakuna sauti ya mwanadamu isiyokaa mahali fulani kati ya kufungua huko na kufunga huko. Ndiyo maana wengine husema ndani yake mna mwanzo wa kila kitu, na kudumu kwake, na kwisha kwake. Sehemu ya nne, alisema, ni ukimya unaofuata, na huo usiukimbie. Siku hiyo mama mmoja wa nyuma alikuwa amesinzia na kuanza kukoroma. Mkunga akasikiliza kidogo, akasema huyo naye mwacheni, amefika kabla yetu.

Bubu alicheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza. Aliporudi nyumbani alikuwa na kitu ambacho hakumwambia mtu: ndani ya pumzi ile moja ndefu, hakuna aliyemkatiza.

Na sasa baba alikuwa ameingia hata humo.

Kesho yake Bubu hakutamka. Saa ile ile mzee aligeuza macho ukutani, akangoja. Alipoona kimya akaanza peke yake, "Aaa," akatoa pumzi yote mpaka kikohozi kikamzidi. Akarudia. Bubu akaketi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu, akashona pindo refu lililonyooka ambalo halikuwa na haraka yoyote, mpaka upande wa pili ukatulia. Alifanya hivyo siku hiyo na siku iliyofuata. Jioni alipomlisha uji hakumtazama usoni.

Jumatano alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akamweleza mkunga yote, hata habari ya cherehani.

"Ulitaka iwe yako peke yako," mkunga alisema.

"Ndiyo."

"Hata mimi ningetaka." Akasugua goti lake. Halafu akaanza kusema kwamba sauti ile haina mwenyewe, akajikatiza, akaomba radhi kwa kuongea kama bango, akamwomba amsaidie kushuka ngazi.

Jumapili mdogo wake alifika na mkewe na mfuko wa machungwa. Walikuwa bado wamesimama mlangoni mzee alipoanza. Mdogo mtu alikimbilia chumbani, akatoka macho yakimng'aa. Akasema ni muujiza, akataka kujua madaktari wanasemaje, akazunguka sebule nzima. Kisha akaketi, na sauti yake ikawa laini, laini kupita kiasi.

"Dada, mimi naona hapa ndipo palipomkubali. Tukimhamisha sasa, si tutamrudisha nyuma? Kile chumba tutawekea vitu kwanza."

Mkewe akainamia machungwa. Bubu akafungua kinywa, na kama siku zote akakuta mazungumzo yameshapita mahali pake; ndugu yake alikuwa tayari anauliza habari za mapazia.

Walipoondoka aliingia kwa baba. Hakuwasha taa, kwa kuwa mwanga wa alasiri ulikuwa ungalipo juu ya shuka. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Baba," alisema, "nimechoka."

Mzee akamtazama.

"Ulipokuwa mzima sikuwahi kumaliza sentensi mbele yako. Hii ninaimaliza. Sikuchukii. Nimechoka, na utakwenda kwa mwanao."

Jicho la kulia la mzee lilitoa chozi, lakini jicho hilo lilichuruzika wakati wote tangu augue, kwa hiyo Bubu hakuweza kujua. Kisha mzee akavuta pumzi, akafungua kinywa. "Aaa." Ilikuwa sauti ya jukwaani, ya kutupa mbali juu ya vichwa vya watu, na kwa ukaribu ule Bubu aliona kwa nini ilikuwa haiishi. Midomo ilijaribu kukutana. Upande wa kushoto ulipanda, wa kulia ukabaki umening'inia, na pumzi ikavujia pale.

Mikono ya Bubu ilikuwa imeuosha uso huo kila asubuhi. Haikuwahi kuugusa kwa sababu nyingine. Akanyoosha vidole viwili, akauinua mdomo wa baba yake upande ule uliokufa, akaushikilia.

Sauti ikafungika. Ikawa mvumo, ukapita katika vidole vyake na kupanda mpaka kwenye kiwiko, ukapungua, ukapungua, ukaisha. Ukimya ukaja. Mzee hakukohoa. Bubu hakuondoa mkono. Katika nyumba ile palikuwa na kelele nyingi tangu utoto wake, na baadaye kukawa na kimya cha namna nyingi, lakini kabla ya hapo hapakuwahi kuwa na kimya ambacho hakikuwa cha mmoja wao kumshinda mwingine.

Asubuhi alimpigia mdogo wake simu. Fundi wa majokofu akaeleza juu ya rangi isiyokauka, juu ya mkewe, juu ya barabara ya kwao ilivyo mbovu. Bubu akamwacha afike mwisho.

"Jumamosi," alisema. "Nitakuwa nimeshamvalisha."

Jumamosi gari likaja. Wakamsaidia mzee kuketi mbele, na mdogo mtu alipokuwa akimfunga mkanda, baba akaanza. "Aaa."

"Anataka nini?"

"Mdomo haufungiki upande huo. Mshikie."

"Mimi?"

Bubu alikuwa amekumbatia mto na mfuko wa dawa. Angeweza kuviweka chini, hakuviweka. Mdogo wake akafuta mkono kwenye suruali, akausogeza usoni mwa baba polepole kama mtu anayepima waya asioujua. Mara ya kwanza akakosea mahali. Kisha mvumo ukatoka, naye akashtuka, lakini mkono wake ukabaki hapo hata baada ya sauti kwisha, kiasi kwamba gari lililokuwa nyuma likapiga honi.

Walipokwenda, Bubu alirudi ndani. Mapazia ya mteja yalikuwa juu ya kiti na sindano ilikuwa imetungwa uzi. Akaketi ukingoni mwa kitanda chake avue viatu. Ukimya ulikuwa mwingi hata akasikia bomba la jirani likidondosha maji. Alivuta pumzi, ndefu, mpaka mwisho, akataka kuipa sauti. Akaiachia tu, ikaenda.

Usingizi ulimchukua akiwa amevua kiatu kimoja.